Kahawa ya Baridi kwa Mwamuzi wa Goli

Saskatoon,
12 Januari 1998

Kwa Stella Baziuk,
Posta ya Stavky.

Stella,

Salamu. Najua ukiona jina langu nyuma ya bahasha utatamani kuitupa jikoni iungue, lakini wewe ndiye mkuu wa posta na nadhani kiapo cha kazi kinakukataza kuchoma barua, hata zako.

Baba yangu ametimiza miaka themanini na minane. Yuko nyumba ya wazee hapa mjini, barabara ya pili kutoka kwangu. Miguu imemwisha, ila akili iko pale pale. Tangu Krismasi yetu ya kalenda ya kale, tarehe saba, anaongelea kitu kimoja tu: taa nyekundu ya uwanja wa zamani wa magongo ya barafuni, ile aliyokuwa akiiwasha nyuma ya goli la mashariki. Anataka iwekwe juu ya kabati kando ya kitanda. Nilimwambia uwanja ulibomolewa mwaka 1989 na mabati yake yamejenga mazizi ya watu. Akasema, "Mabati sijayauliza. Nimeuliza taa."

Waliobomoa wananiambia kwamba walipofika asubuhi ile, taa ya mashariki ilikuwa imeshang'olewa, nyaya zimekatwa vizuri kwa mkasi. Ufunguo wa uwanja ulikuwa nao wewe, uliyeuza kahawa pale kibandani majira ishirini na mawili ya baridi.

Sikushitaki. Nakuomba. Kama unayo, mpe mzee. Vinyongo vya utotoni tuviache, sote tuna mvi sasa.

Wako,
Verna Hrycak


Stavky,
17 Januari 1998

Dada Verna,

Barua imefika. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Taa ninayo. Iko kabatini mwangu, imefungwa ndani ya aproni, na balbu yake nzima. Huwa naijaribu kila tarehe nane Machi, naitazama ikiwaka, naizima, nakwenda kulala nikiwa na hasira mpya.

Lakini usinijie na "vinyongo vya utotoni". Mtoto wa miaka kumi anajua mtu akidhulumiwa. Ngoja nikukumbushe, maana wewe siku ile ulikuwa na miaka kumi na mitano na macho yako yote yalikuwa kwa wavulana wa timu ya Redfern.

Fainali, tarehe nane Machi 1958. Timu yetu, Mwewe wa Stavky, haikuwa imewahi kuchukua kombe tangu mji huu upate kanisa. Watu mia tisa tulijazana kwenye banda la watu mia nne, pumzi zetu zinaganda kwenye waya. Tatu kwa tatu, zimebaki dakika mbili. Golini yuko kaka yangu Nestor, miaka kumi na minane, ambaye tangu Novemba alikuwa amezuia kila kitu isipokuwa mafua. Redfern wakamvamia wote watano. Magongo, viatu, viwiko. Nestor akalala kifudifudi juu ya mstari, kile kisahani cheusi cha kuchezea kiko chini yake. Refa hakuona kitu. Akafanya anachofanya kila refa: akainua macho kutazama taa.

Taa ikawaka.

Nani aliiwasha? Angekuwa mtu wa Redfern tungemtoa nje kwa miguu, na goli lingekataliwa kabla hajafika mlangoni. Aliiwasha baba yako. Kazi yake ilikuwa hiyo moja tu, kukaa kwenye kizimba cha waya nyuma ya goli na kubonyeza swichi kisahani kikivuka mstari. Mzee wa kanisa. Mtu wa kwetu. Tena baba wa ubatizo wa Nestor, aliyempakata mbele ya padri akiwa mchanga. Kwa hiyo mji mzima ukasema: kama Wasyl Hrycak amewasha, limeingia. Halikuwa tena kosa la refa, wala ujanja wa Redfern. Likawa kosa la Nestor.

Mimi nilikuwa nyuma ya goli lile lile. Niliona. Halikuingia.

Sasa masharti yangu. Tarehe saba Machi ni karamu ya miaka arobaini ya timu, ukumbi wa kanisa. Baba yako aandike kwa mkono wake, atie sahihi, kwamba kisahani hakikuvuka mstari na kwamba aliwasha taa kwa makosa. Nitaisoma mbele ya watu. Nikishaisoma, taa ni yake. Asipoandika, hataiona.

Stella


Saskatoon,
26 Januari 1998

Stella,

Nilimsomea barua yako yote, hata pale uliponitaja mimi na wavulana wa Redfern. Hapo alicheka. Mengine aliyasikiliza mpaka supu yake ikapoa.

Kisha akasema, "Mwambie nimeiwasha taa ile miaka thelathini, na sijawahi kuiwasha kwa uongo. Liliingia."

Nikamwuliza tena kwa sababu nilitaka apate taa yake. Akageukia ukutani. Unamjua. Ni mtu aliyerudi kwa miguu maili nne kumrudishia jirani gunia kwa sababu lilikuwa zito kuliko walivyopatana.

Kwa hiyo kaa na taa yako, uendelee kuiwasha kabatini kama mtu anayefuga jini. Umebaki peke yako katika mechi ile. Wenzako walikwenda nyumbani zamani.

Verna


Stavky,
2 Februari 1998

Kwa Mzee Wasyl Hrycak, mkononi mwake mwenyewe.

Mzee Wasyl,

Binti yako anasema nimebaki peke yangu kwenye mechi. Sawa. Basi nikuandikie wewe, maana ni wewe uliyenifungia mle.

Unajua walimwita nani baada ya siku ile? Mlango. Si Nestor tena. Kwenye harusi ya akina Pasichnyk, mtu aliufungua mlango wa ukumbi na baridi ikaingia, akapaza sauti, "Nestor, njoo uzibe, safari hii jaribu." Watu wakacheka mpaka wakapaliwa na mvinyo. Bibi harusi pia. Wewe ulikuwa meza ya wazee. Hukucheka, nakupa haki yako, lakini hukusimama pia. Mtu mmoja mji huu alikuwa na neno la kumwokoa, na mtu huyo aliendelea kula kabichi yake.

Mwaka uliofuata akaenda migodini kaskazini. Hakugusa gongo tena. Alikuja mara tatu tu: kumzika baba, kumzika mama, na mara ya tatu, mwaka 1983, alikuja ndani ya sanduku. Miaka arobaini na mitatu, mapafu yamejaa vumbi. Mara mbili alizokuja hai alinijia mimi kwanza, ananikamata bega na kuniambia, "Stella, wewe uliona." Nami namjibu, "Niliona."

Sasa nikuambie jambo ambalo nadhani hulijui. Majira ishirini na mawili ya baridi nilikuuzia kahawa ya baridi. Watu wote walipata ya moto. Yako niliitenga dirishani kuanzia kipindi cha kwanza, nikaiacha ipigwe na upepo, nikakuletea kizimbani mapumziko ya pili ikiwa na utando wa barafu. Kila mechi. Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri, na wewe unakunywa barafu. Ukaninyima raha ya kulalamika. Ulikuwa unasema "Asante, mtoto," unarudisha kikombe kitupu. Ningejua kitu kibaya zaidi kuliko kahawa ya baridi kisichonipeleka jela, ningekupa.

Halmashauri wamepiga kura kutundika picha yako kwenye uwanja mpya. "Mwamuzi mwaminifu." Watatangaza siku ya karamu. Basi sikiliza. Usipoandika, nitakwenda na taa yako mfukoni mwa koti na nyundo mfuko wa pili, na nitaipasua juu ya meza kuu mbele ya picha yako. Vipande nitakutumia kwa posta, na stempu nitabandika mwenyewe.

Stella Baziuk,
dada yake Nestor


Saskatoon,
19 Februari 1998

Stella mwanangu,

Andiko langu ni baya. Ni uzee, usidhani ni woga. Barua yako niliisoma mwenyewe na nimeiweka chini ya godoro, Verna hajaiona. Ana hasira za karibu, amerithi kwa mama yake.

Kahawa nilijua. Mara ya kwanza nilidhani jiko lenu limeharibika. Mara ya pili nikaona dirisha. Nilikuwa naimaliza kwa sababu ulikuwa unachungulia kutoka kibandani kuona kama nitaimaliza. Ulikuwa unakunja uso vile vile alivyokuwa akikunja Nestor golini. Nilikuwa naingojea mapumziko ya pili.

Siku ya harusi ya Pasichnyk umesema kweli. Nilipaswa kusimama. Mpaka leo nikila kabichi naikumbuka.

Unachokitaka kiko kwenye karatasi ya pili. Nimekiandika peke yake ili uweze kukibandika mahali bila maneno yangu mengine. Nimemwomba muuguzi aweke sahihi ya shahidi.

Ulikuwepo na ulisema uliona. Siwezi kubishana na aliyeona. Ila nakuomba jambo moja, na si taa. Ukishasoma, iwe basi. Usitafute zaidi. Mwache kaka yako alale.

Nakubariki,
Wasyl

[karatasi ya pili]

Mimi, Wasyl Hrycak, mwamuzi wa goli wa Stavky, nasema kwamba tarehe 8 Machi 1958 kisahani hakikuvuka mstari. Nestor Baziuk alikizuia. Niliwasha taa kwa makosa. Kosa ni langu peke yangu.


Stavky,
9 Machi 1998

Dada Verna,

Nimeshinda, na nataka uwe wa kwanza kusikia kutoka kwangu kabla hujasikia kwa watu.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Pirohi, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani, bila siagi maana ni Kwaresima, na wazee tisa waliobaki wa timu wamevaa jezi zisizofunga tumboni. Walipomaliza kuimba, mwenyekiti akaanza habari ya picha ya baba yako. Nikasimama. Nikasoma karatasi polepole, neno kwa neno, pamoja na jina la muuguzi. Pasichnyk yule yule, bwana harusi, uma wake ulisimama hewani na pirohi iko pale pale. Nikamtazama yeye hasa. Nikasema, "Nani anataka kufunga mlango sasa?"

Mwenyekiti akaifunga ile picha ndani ya gazeti na kuirudisha chini ya meza. Karatasi nimeibandika posta, kwenye ubao wa matangazo, juu kabisa, na kila anayekuja kuchukua barua anaisoma kwanza. Wengine wananiomba msamaha. Siwapi. Nawapa barua zao tu.

Kuhusu taa. Najua nilisema nikishaisoma ni yake. Ni yake, sijabadili. Lakini nimefikiria. Nestor alingoja miaka arobaini kupata karatasi ile, na miaka kumi na mitano kati ya hiyo amengoja chini ya ardhi. Baba yako naye angoje siku arobaini. Ni Kwaresima, kila mtu anajinyima kitu. Ataipata Pasaka, nitamletea mwenyewe.

Mwambie asante kwa kuandika. Mwambie nimesema hivyo kwa shingo upande.

Stella


Saskatoon,
6 Aprili 1998

Stella,

Barua hii utaipokea kwa mkono wako mwenyewe, utaigonga muhuri mwenyewe, na utajikabidhi. Nimefurahi kuwaza hivyo.

Baba alikufa Jumanne, tarehe thelathini na moja Machi, saa nne asubuhi. Alikuwa ameninyooshea kidole kwenye kabati kando ya kitanda tangu wiki iliyotangulia. Alikuwa amelipangusa vumbi na kuhamisha saa na miwani ili taa ipate nafasi. Nilimwambia utaileta Pasaka. Akahesabu siku kwa vidole, akasema, "Ni mbali kidogo." Kisha akasema tena usilaumiwe.

Mimi nakulaumu.

Jumamosi tulimzika Stavky, kando ya mama. Wazee tisa walikuja, wakasimama mbali na sanduku, kwa sababu siku hizi kwao baba ni mtu aliyeiuza timu yake. Hakuna aliyelibeba. Lilibebwa na wajukuu zake na watu wawili wa kampuni ya mazishi. Tulipopita mbele ya posta mapazia yalikuwa yamefungwa, lakini niliona vidole vyako kwenye pindo.

Sasa fungua bahasha ndogo iliyomo humu. Nimeijua miaka kumi na moja, tangu nilipomsaidia baba kuhama nyumba. Aliniapisha nisikuonyeshe. Alisema, "Yule msichana amejengea nyumba yake yote juu ya jambo hili, usimbomolee." Alipoandika ile karatasi yako nilimpigia kelele mpaka wauguzi wakaja. Nikamwambia, "Umesema uongo, wewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yako, na kwa ajili ya nani?" Akasema, "Kwa mtoto wangu wa ubatizo. Kazi hiyo haina kustaafu."

Alinikataza alipokuwa hai. Sasa hawezi kunikataza, na mimi si mwema kama yeye. Soma, Stella. Soma ukiwa umesimama.

Verna


[bahasha ndogo]

Kaskazini, mgodini,
14 Novemba 1971

Baba wa ubatizo,

Umeniuliza mara tatu kama nitarudi nyumbani na mara tatu nimekujibu habari za hali ya hewa. Leo ni siku ya mapumziko na nimekunywa kidogo, basi nikuambie.

Liliingia. Wewe unajua na mimi najua. Waya wa kizimba chako ulikuwa umeganda barafu mpaka juu, hukuweza kukiona kisahani. Nilikuwa nimekilalia. Nikageuza kichwa na nikakiona kiko ndani, shibiri nzima nyuma ya mstari, nikakivuta kwa goti kukirudisha. Nilipoinua macho nikakutana na yako penye tundu dogo la waya. Umenijua tangu sijui kusema. Uliona uso wangu, ukabonyeza.

Nilikuchukia mwaka mzima. Kisha nikawa najichukia mimi, na hiyo imechukua muda zaidi.

Siku ile garini, Stella alikuwa analia kuliko mimi. Nikamwambia halikuingia. Nikamwuliza, "Uliona, si uliona?" Akasema, "Niliona." Alisema haraka, hata hakupumua. Tangu hapo ni yeye tu katika Stavky nzima anayenitazama kama kipa. Nikirudi nyumbani nitalazimika kumtazama kila siku na kumdanganya kila siku. Huku kaskazini namdanganya kwa barua tu, mara mbili kwa mwaka.

Usimwambie. Najua anakupa kahawa ya baridi, ameniandikia akijisifu kurasa tatu. Inywe, Baba. Ni mimi ninayekuomba uinywe.

Mwanao,
Nestor


Stavky,
27 Aprili 1998

Verna,

Barua yako ilikuwa ya kuua, na ilinipata. Ulilenga vizuri. Nilisoma nimesimama kama ulivyoagiza, kisha nikakaa sakafuni nyuma ya kaunta, na mama Kowbel akagonga kengele ya huduma mara nne na hakuna aliyemhudumia.

Siku tatu nilishikilia kuwa ile barua ya Nestor ni ya kughushi. Nilizitoa barua zake zote, nikalinganisha kila herufi. Ile S yake ya Stella, aliyoizungusha mkia, ipo. Nikasema basi alikuwa amelewa. Halafu nikakumbuka barua zangu za kurasa tatu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua zilikuwa kurasa tatu.

Basi nami nikuambie, kwa kuwa umebaki peke yako wa kuambiwa. Unajua nilichokiona siku ile? Kofia. Nilikuwa nimesimama juu ya kreti ya soda nyuma ya goli, na mbele yangu alikuwa mama Kowbel na ile kofia yake ya manyoya ya mbweha. Niliona mkia wa mbweha. Kisha mwanga mwekundu juu ya mkia wa mbweha. Hiyo ndiyo fainali yangu. Garini Nestor aliponiuliza, ningefanyaje? Alikuwa analia, na sijawahi kumwona akilia. Nikasema niliona. Kesho yake nikaanza kuona kweli. Kufikia Pasaka nilikuwa naona mpaka mikwaruzo kwenye barafu. Nimekiona kisahani kile kikisimama juu ya mstari kwa miaka arobaini, na hakijawahi kuwa pale.

Baba yako alijua. "Siwezi kubishana na aliyeona." Nimeisoma ile sentensi mara mia, na kila mara nasikia aibu mahali papya.

Nimeiondoa karatasi yake ubaoni. Mahali pake nimebandika barua ya Nestor, yote, pamoja na kurasa tatu na kahawa. Siku ya kwanza watu walisoma wakaondoka bila barua zao. Siku ya pili Pasichnyk alikuja, akasoma, akafungua mdomo acheke. Nilimwambia acheke tu, ila asisahau kwamba kila barua ya mwanawe kutoka jeshini inapita mkononi mwangu. Akafunga mdomo. Najua si vizuri. Sijabadilika kiasi hicho. Jioni yake nikamkuta mwenyekiti nyumbani kwake, nikaitoa picha ya baba yako chini ya kitanda chake, na leo imetundikwa uwanja mpya, upande wa mashariki. Niligonga msumari mwenyewe, na nyundo ilikuwa ile ile.

Taa iko dirishani posta. Nimemwita fundi wa umeme akaiunga, na inawaka tangu asubuhi hadi nifungapo. Anayeuliza namwambia: liliingia. Ni yako, njoo uichukue siku yoyote. Sitaituma. Naijua posta.

Sikuombi msamaha. Ningekuwa wewe, nisingeutoa. Alihamisha miwani na saa yake akatenga nafasi, na mimi nilikuwa nahesabu siku za Kwaresima. Hilo nitakwenda nalo kaburini.

Jana ilikuwa Jumapili ya makaburi. Padri alizunguka akibariki, watu wametandaza vitambaa, mayai, mkate wa Pasaka, kila familia na wafu wake. Ulipokosa kuja nilijua ni kwa sababu yangu. Kwa hiyo nilikwenda kwa baba yako mimi. Nilibeba chupa ya kahawa niliyoichemsha mpaka ikanguruma, nikamimina kikombe kizima, kinatoa moshi, nikakiweka karibu na msalaba. Nilikaa pale mpaka padri akafika. Nikamwambia mzee mambo fulani ambayo si ya barua.

Kisha nikaenda safu ya tatu, kwa Nestor.

Na yeye nilimletea kahawa. Nilikuwa nimeiweka dirishani tangu Jumamosi, na baridi yetu ya Aprili haikuniangusha, ilikuwa na utando juu. Sikumletea mkate mwaka huu, wala yai. Nilimwambia, "Kunywa, mshenzi wewe." Nikammwagia polepole, tone kwa tone, na nikasimama nikimchungulia mpaka ikaisha yote.

Stella